Mmeuliza, Tunajibu: Kujitolea Amerika ya Kati

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa vijana wa Nairobi waliopata nafasi za kujitolea Guatemala, Honduras na Nikaragua, na nyingine kwa wazazi wao. Tumezijibu kwa pamoja. Habari za kazi yenyewe mtaelezwa na mashirika yaliyowachukua. Sisi tumeshughulika na maji, umeme, chakula, pesa na homa, maana hayo humchosha mgeni kabla kazi haijaanza. Mtaona pia kwamba mengi yanayomponza Mkenya kule ni yale anayodhani anayajua tayari.

Nimepata nafasi ya miezi sita Quetzaltenango, Guatemala. Wakala wa tiketi anasema njia ya San Salvador ndiyo nafuu. Nilipe? — Msomaji, South B

Usilipe bado. Oktoba 2023 El Salvador ilianza kuwatoza abiria wenye pasipoti za nchi nyingi za Afrika dola 1,130 kwenye uwanja wake, hata wale wanaobadilisha ndege tu. Nafuu ya tiketi yako itaishia hapo. Ukipitia Marekani utahitaji viza ya kupita hata kama hutoki nje ya uwanja, kwa sababu kila anayeshuka kule hupitishwa uhamiaji. Madrid nako si kama zamani: Uhispania ilianza Januari 2024 kuwadai Wakenya viza ya kupitia uwanja. Kabla ya kulinganisha bei, orodhesha kila uwanja utakaoshuka, kisha uulize ubalozi wa nchi hiyo wenyewe. Wakala hupata chake ukishakata tiketi. Ukizuiwa kaunta pale JKIA, hasara ni yako peke yako.

Kadi ya manjano ni lazima, kwa kuwa Kenya imo katika orodha ya nchi zenye homa ya manjano. Chanjo idungwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Tangu Julai 2016 cheti kimoja ni cha maisha, kwa hiyo kama ulichanjwa kwa safari nyingine usidungwe tena, ila hakikisha jina na nambari vinasomana na pasipoti ya sasa.

Halafu kuna hesabu ya siku. Guatemala, Honduras, El Salvador na Nikaragua zina mkataba wa pamoja uitwao CA-4: mgeni hupewa siku 90 kwa nchi zote nne zikijumlishwa. Kuvuka mpaka kwenda Honduras wikendi moja na kurudi hakuanzishi hesabu upya. Kama utakaa miezi sita, shirika lako lianze kushughulikia kibali cha kukaa mapema, lisisubiri wiki ya kumi na mbili.

Shirika moja linataka ada ya "kujiandikisha" dola 200 kabla ya mahojiano. Ni kawaida? — Msomaji, Githurai

Yapo mashirika halali ambayo mtu wa kujitolea hujilipia chakula na malazi, lakini hiyo hulipwa ukishakubaliwa, na huonyeshwa imegawanywa vipi: familia mwenyeji kiasi gani, mafunzo ya lugha kiasi gani. Ada ya kabla ya mahojiano ikimbie. Wanaojitolea kupitia Umoja wa Mataifa hawalipi chochote kuomba nafasi, na wakichukuliwa hupewa posho. Ukiambiwa kinyume kwa jina la Umoja huo, huyo ni tapeli.

Nibebe pasi ya nguo na ile koili ya kuchemshia maji ndooni? Nasikia Quetzaltenango kuna baridi. — Msomaji, Umoja

Baridi ipo. Mji uko mita 2,330 hivi juu ya bahari, zaidi ya mita 500 kuipita Nairobi, na usiku wa Desemba na Januari joto hukaribia sifuri. Lakini koili iache nyumbani.

Umeme wa kule ni volti 120 na hezi 60. Wetu ni 240 na 50. Kifaa cha kupasha moto kikipewa nusu ya volti hutoa robo tu ya nguvu yake. Koili ya wati 1,000 itatoa wati 250. Ndoo ya lita 20, kuipandisha kutoka nyuzi 15 hadi 40, hapa huchukua kama dakika 35. Kule itakuchukua zaidi ya saa mbili, na kufikia hapo maji yanapoa kwa juu. Pasi ya nguo nayo itakuwa ya vuguvugu. Kiungio cha plagi unachonunua Luthuli hubadilisha umbo la miguu tu, volti hakigusi. Kibebe hata hivyo, kwa sababu soketi za kule ni za miguu miwili bapa, na nyumba nyingi za zamani hazina tundu la tatu la waya wa ardhi. Chaja ya simu na ya kompyuta ikiandikwa 100–240V, 50/60Hz, haina shida.

Na usije ukanunua blenda kule ukarudi nayo. Ukiichomeka hapa itapokea nguvu mara nne, na ni suala la sekunde.

Kuhusu kuoga: shawa ya umeme ya kufunga kwenye bomba utaikuta, ileile tuliyoizoea huku, na tabia yake ni ileile. Ukifungua maji mengi yanakuja baridi. Ukibana, yanapata moto. Usibadilishe kitufe cha moto na vuguvugu maji yakiwa yanatoka. Vaa ndara za mpira. Ukihisi kamshtuko kadogo unapogusa bomba, ujue waya wa ardhi haupo au umekatika: acha kuoga, zima swichi kuu, mwambie mwenye nyumba. Wenyeji wengine watakuambia ni kawaida. Si kawaida.

Binti yangu anakwenda kijiji cha Honduras. Ameniambia maji hufika mara mbili kwa wiki. Atakunywa nini, na nguo atafulia wapi? — Mama, Kayole

Mama, kwa mgao wa maji binti wa Kayole hahitaji darasa. Kitakachokuwa kigeni kwake ni *pila*, na ni vizuri aielewe kabla hajafika, kwa sababu mgeni huwaudhi wenyeji hapo siku ya kwanza.

Pila ni karo kubwa la zege lenye sehemu mbili au tatu. Katikati kuna tangi lenye kina, linalojazwa maji yakifika. Ubavuni kuna vitanda vya kusugulia vyenye mifereji, kimoja cha vyombo na kingine cha nguo. Sheria ni moja: katikati haiingii mkono, haiingii sabuni, haliingii sufuria chafu. Maji huchotwa kwa bakuli dogo la plastiki lililotengwa kwa kazi hiyo, yakamwagwa ubavuni, na huko ndiko kila kitu kinasuguliwa. Mtu akinawa mikono kwenye tangi la katikati amechafua maji ya nyumba nzima ya siku tatu zijazo, na hakuna atakayemgombeza, watayamwaga akishaondoka.

Tangi hilohilo ndilo kiota cha mbu wa dengi, *Aedes aegypti*. Huyu hapendi mtaro mchafu, hupenda maji safi yaliyotulia nyumbani. Hutaga ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Hapa ndipo wengi hukosea: humwaga maji, hujaza upya, na mayai yaliyobaki ukutani hulowa na kuanguliwa. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10, kwa hiyo kusugua ni kila wiki. Honduras wana njia wanayoiita *la untadita*: maji yakishapungua, klorini ya dukani huchanganywa na sabuni ya unga hadi iwe nzito, hupakwa kwenye kuta zilizo juu ya maji, huachwa kama dakika 15, kisha husuguliwa kwa brashi na kusuuzwa. Asichanganye klorini na dawa ya choo yenye asidi, mvuke wake huchoma mapafu. Wahudumu wa afya pia hupita wakiweka dawa ya chembechembe kama mchanga ndani ya tangi. Asiitoe akidhani ni uchafu.

Maji ya kunywa asiyachukue pilani moja kwa moja. Ana njia tatu. Ya kwanza ni kuchemsha: yakitokota dakika moja yametosha, ila akiwa juu ya mita 2,000 ayape dakika tatu, kwani huko hutokota kabla ya kufika nyuzi 100. Ya pili ni klorini ya dukani isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hivi: matone mawili kwa lita, akoroge, asubiri dakika 30. Yakiwa na tope, ayachuje kwa kitambaa kwanza kisha aongeze maradufu. Ya tatu, ambayo huenda akaikuta nyumbani mwa mwenyeji, ni chujio la chungu. Lilibuniwa Guatemala mwaka 1981 na Fernando Mazariegos, na baada ya Kimbunga Mitch cha 1998 lilienea sana Nikaragua na kwingineko. Ni chungu cha udongo uliochanganywa na vumbi la mbao. Likichomwa, vumbi huungua na kuacha vitundu vidogo mno, kisha hupakwa fedha ya kuua vijidudu. Huketi ndani ya ndoo yenye bomba na kutoa lita moja hadi tatu kwa saa.

Chujio hilo huharibiwa na usafi usio wa maana. Likipunguza kasi, lisuguliwe ndani kwa brashi laini na maji yaliyokwisha kuchujwa, bila sabuni, maana sabuni huziba vitundu na kuacha ladha. Ndoo ya chini ndiyo ioshwe kwa sabuni. Na asilishike kwa ukingo likiwa limejaa maji, huvunjika. Ufa mdogo usioonekana hujulikana kwa jambo moja: chujio lililokuwa likitoa lita mbili kwa saa ghafla linatoa tano. Wengi hufurahi. Hilo limekwisha kazi.

Wanakula mahindi, sisi tunakula mahindi. Nitapata unga wa ugali? — Msomaji, Kasarani

Unga utauona dukani, ukiwa kwenye pakiti nzuri, na ukiusonga utajuta. Unga wa mahindi unaouzwa madukani kule kwa kawaida umetokana na mahindi yaliyopikwa kwa chokaa, kwa ajili ya *tortilla*, chapati nyembamba ya mahindi. Ukiutia kwenye maji ya moto unavutika kama gundi na kunuka chokaa. Kuchukua mahindi makavu kwenye mashine ya kijiji nako kuna tatizo: mashine hizo zimewekwa kusaga mahindi yaliyolowa. Mahindi makavu hupasha mawe yake joto, na vumbi linaingia kwenye kinyunga cha mama aliye nyuma yako kwenye foleni. Usilazimishe.

Heri ujifunze kazi yao, kwa sababu utaamshwa nayo kila siku. Kwa gorogoro moja ya mahindi, kama kilo mbili, weka maji lita sita na chokaa ya kupikia gramu 20, yaani vijiko viwili vya chakula vya kusawazisha. Ni chokaa inayouzwa sokoni kwa kazi ya chakula, si ya mjenzi. Chemsha kwa moto wa wastani hadi ganda la punje liteleze ukilifikicha kwa vidole. Mahindi magumu huchukua dakika 40 hadi saa nzima. Ipua, funika, yalale usiku kucha. Asubuhi yasuuze mara mbili au tatu, maganda yaelee na kuondoka, kisha yapeleke kusagwa yakiwa mabichi hivyohivyo.

Chokaa ikizidi, kinyunga huwa cha manjano na chenye uchungu wa sabuni. Ikipungua, maganda hubaki na tortilla hupasuka kingo. Ukichemsha kupita kiasi, kinyunga hunata viganjani na hakishiki umbo. Donge ni la gramu 30 hadi 40, hupigwa kwa viganja hadi liwe duara jembamba, likawekwa kwenye *comal*, bamba la udongo au chuma lililopakwa maji ya chokaa ili lisishike. Sekunde 30 upande wa kwanza, geuza, dakika moja, geuza tena. Ikifura katikati umepatia. Mikono yako itakuwa inatoa mapande ya ajabu kwa wiki kadhaa na watoto watacheka, endelea.

Chokaa hiyo si mapambo. Huifungua niasini, vitamini ya kundi B iliyofungika kwenye mahindi, ili mwili uipate, na bila hiyo jamii inayoishi kwa mahindi matupu hushikwa na pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Pia huongeza kalisi. Kwa hiyo tortilla na maharagwe, asubuhi, mchana na jioni, ni mlo kamili kuliko unavyoonekana. Maharagwe ni meusi Guatemala, mekundu Honduras, Nikaragua na El Salvador.

Mboga sasa. Sukuma wiki usiitegemee. Lakini waulize sokoni *macuy*, au *hierba mora*: ni managu, hakuna tofauti utakayoiona kwenye sufuria. *Bledo* ni terere. Chai ya maziwa haipo. Utapewa kahawa nyepesi yenye sukari nyingi. Beba majani yako, pakiti mbili zilizofungwa za dukani.

M-Pesa inafanya kazi huko? — Msomaji, Rongai

Kwa wakala, hapana. Kadi ya M-Pesa ya Visa ni ya kulipia mtandaoni tu, huwezi kuitumbukiza kwenye mashine ya kutolea pesa. Chukua kadi halisi ya benki, na laini yako ya Safaricom iwe imefunguliwa kwa matumizi ya nje kabla hujaondoka, la sivyo ujumbe wa kuthibitisha muamala hautakufikia na kadi itakuwa plastiki tu. Beba dola kidogo za tahadhari, noti za 20 zaidi kuliko za 100, safi kabisa. Noti yenye mpasuko wa nusu sentimita au muhuri wa wino hukataliwa benki. Guatemala hutumia quetzal, kama 7.7 kwa dola, karibu shilingi 17 za Kenya kwa quetzal moja. Honduras ni lempira, Nikaragua kordoba. Kijijini lenga noti ndogo. Mwenye duka hana chenji ya mia, na atakupa bidhaa kwa deni kuliko kukukatalia, jambo linalokuweka pabaya wiki ya kwanza.

Mimi ni muuguzi, nakwenda eneo la Moskitia, Honduras. Malaria nimeugua tangu utotoni. Nijiandae vipi? — Muuguzi, Embakasi

Dada, kinga uliyoipata utotoni hufifia ukikaa Nairobi miaka mingi, hilo unalijua. La muhimu ni kwamba malaria ya kule nyingi ni ya *vivax*, ambayo hujificha kwenye ini na kurudi baada ya wiki au miezi. Utapewa klorokwini, dawa ambayo Kenya iliiacha mwishoni mwa miaka ya 1990. Usibishane na daktari wa kule. Vimelea vya eneo hilo bado vinaisikia. Pamoja nayo hutolewa primakwini ya kusafisha ini, na hiyo ndiyo ya kuangalia: kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD hupasua chembe nyekundu za damu, na upungufu huo ni wa kawaida katika jamii zetu zilizotoka maeneo ya malaria. Pimwa G6PD hapa Nairobi kabla ya safari, ubebe matokeo. Ukirudi na ukapata homa, mwambie daktari ulikuwa wapi, asije akatibu ya huku tu.

Pwani ya Karibi ya Nikaragua nayo ina malaria nyingi, lakini sehemu nyingine nyingi hofu yake ni ndogo. El Salvador ilitangazwa haina malaria mwaka 2021, na Belize 2023. Nyanda za juu za Guatemala hazina. Kwa hiyo homa ya ghafla yenye maumivu nyuma ya macho na viungo, idhanie dengi kwanza. Parasetamoli tu, ambayo dukani huitwa *acetaminofén*: gramu moja kila saa sita, isizidi gramu nne kwa siku. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zikae kando, huongeza hatari ya kuvuja damu. Mtu hupumua homa ikishuka, siku ya tatu hadi ya saba, na hapo ndipo pa kuwa macho: tumbo kuuma mfululizo, kutapika bila kukoma, fizi kutoa damu. Hospitali siku hiyohiyo.

Nimesikia hawajazoea watu weusi. Ni kweli? — Msomaji, Kibera

Si kweli, ila inategemea umekwenda wapi. Pwani ya Karibi, kuanzia Belize, Livingston ya Guatemala, Tela na Trujillo za Honduras hadi Nikaragua, wanaishi Wagarifuna, kizazi cha Waafrika na wenyeji wa kisiwa cha Saint Vincent. Waingereza waliwahamisha kwa nguvu. Zaidi ya watu 2,000 walishushwa Roatán Aprili 1797. Huko utadhaniwa mwenyeji na kusemeshwa Kihispania cha haraka. Nyanda za juu za Wamaya utakuwa kioja kwa siku chache, utaitwa *moreno* au *morena*, yaani mweusi, mara nyingi bila nia mbaya, na watoto watataka kugusa nywele.

Usumbufu wa kweli uko barabarani. Waafrika wengi wamepita nchi hizi miaka ya karibuni wakielekea Marekani, na polisi wa vizuizi wamezoea kuwatafuta. Mzungu wa kundi lenu hatasimamishwa. Wewe utashushwa kwenye basi. Tembea na nakala ya pasipoti ya rangi, ukurasa wa muhuri wa kuingia, na barua ya shirika kwa Kihispania yenye nambari ya simu inayopokelewa. Usitoe kitu kidogo, hata kama umezoea njia hiyo.

Salamu ni muhimu kuliko Kihispania kizuri. Ukiingia dukani au kupanda gari, sema *buenos días* kwa wote. Ukipita penye watu wanaokula, sema *buen provecho*. Tumia *usted*, "wewe" ya heshima, kwa kila mtu hadi uambiwe vinginevyo. Na usiwapige picha watoto wa watu, wala kuwabeba. Uvumi wa wageni wanaoiba watoto ni mzito kule: Aprili 2000, Todos Santos Cuchumatán, mtalii Mjapani na dereva wa basi waliuawa na umati kwa hofu hiyo. Mweusi hasalimiki kwa rangi yake.

Nimechukuliwa kujenga majiko ya kuni yenye bomba la moshi Guatemala. Fundi wa huku abadilishe nini? — Fundi, Kariobangi

Kwanza vipimo. Mfuko wa saruji Guatemala ni kilo 42.5, si 50. Ukichanganya kwa hesabu ya "mfuko mmoja kwa toroli kadhaa" uliyoizoea, umepunguza saruji kwa asilimia 15 na zege lako litamumunyuka. Nondo ni za inchi: ya 3/8 ni milimita 9.5, ukiita D10 hawatakuelewa. Uzito ni ratili na kintali. Kintali ni ratili 100, kilo 45 hadi 46.

Jiko lenyewe ni kitanda cha matofali chenye chumba cha moto na bamba la chuma juu. Kuzunguka chumba cha moto jaza pumisi, lile jiwe jepesi la volkano ambalo Guatemala limejaa. Ukijaza mchanga au mawe ya kawaida yatanyonya joto, na tortilla itasubiri nusu saa. Bomba la inchi nne lipande wima na livuke paa kwa sentimita 60 angalau. Fupi kuliko hapo, upepo hurudisha moshi ndani. Mlango wa kuni uwe mdogo. Ukiufanya mkubwa, watu wataingiza magogo na moshi utatokea mbele. Waonyeshe kulegeza na kugonga bomba kila mwezi, maana masizi yakiziba ndipo jiko huachwa.

Kisha pima sufuria ya mahindi ya nyumba kabla hujaweka tofali la kwanza. Chungu cha kuchemshia mahindi ya familia ya watu tisa hakitoshei kwenye matundu ya bamba, kwa hiyo mama hurudi kwenye mafiga kila jioni na moshi unabaki palepale. Jenga na kituo kimoja cha chini, kipana, kwa chungu hicho.

Nakwenda kufundisha. Nifike Novemba? — Mwalimu, Dagoretti

Usifike Novemba. Shule za Guatemala hufunguliwa Januari na kufungwa Oktoba. Za Honduras ni Februari hadi Novemba. Novemba utakuta madarasa yamefungwa au yanakaribia kufungwa, na watoto wengi wako kwenye mavuno ya kahawa.

Usafiri ukoje? — Msomaji, Pipeline

Mabasi ya shule yaliyostaafu Marekani, yakapakwa rangi. Kiti cha watoto wawili hukaliwa na watu wazima watatu, wa kando akiwa na nusu ya mwili kwenye njia. Nauli hudaiwa gari likiwa njiani. Muulize jirani yako bei kabla kondakta hajakufikia. Mzigo huenda juu ya paa, kwa hiyo ufunge kwa karatasi ya nailoni kuanzia Mei hadi Oktoba, msimu wa mvua. Mabasi ya ndani ya Jiji la Guatemala yaepuke kabisa: magenge hutoza wenye magari na madereva hupigwa risasi. Tumia teksi ya simu.

Nimpigie mwanangu saa ngapi? — Baba, Buruburu

Nairobi iko mbele kwa saa tisa mwaka mzima, kwani kule pia hawabadilishi saa. Saa tatu usiku yake ni saa kumi na mbili asubuhi yako ya siku inayofuata. Kijijini watu hulala mapema na nyumba zina kuta nyembamba, kwa hiyo mpigie saa kumi jioni ya hapa: kwake ni saa moja asubuhi.